Imani Hukomazwa na Siku za Kawaida

Yohane Mbatizaji alipokuwa akihubiri kando ya mto Yordani, miongoni mwa waliomwendea walikuwamo askari. Nao walimwuliza watende nini. Injili ya Luka, sura ya 3, yasimulia kwamba hakuwaamuru waiache kazi yao. Aliwakataza kumnyang'anya mtu mali yake kwa nguvu au kwa kumsingizia, tena akawataka watosheke na mishahara yao. Jibu hilo lina umri wa karibu miaka 2,000, lakini askari anayelinda barabara iendayo Rumonge atalielewa bila mkalimani.

Barabara hiyo yatoka Bujumbura na kufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kwa kilomita zipatazo 70. Hapo hupita ndagala waliokaushwa, mukeke, madumu ya mawese, na wachuuzi waliotoka majumbani kabla ya mapambazuko. Mama mwenye beseni la ndagala anaposimamishwa kizuizini, hana njia ya kuiona rozari iliyo mfukoni mwa askari. Anachokiona ni mkono: ama mkono unaopekua na kurudisha, ama mkono unaopekua na kubakiza. Imani ya askari husomwa hapo. Naye mama huyo huenda ni Mwislamu, kwa maana Waislamu ni wengi katika mji wa Rumonge. Basi atakachojua juu ya Ukristo ni kile alichotendewa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo madogo, na kwamba Burundi imepatwa na makubwa zaidi ya beseni la ndagala. Sisi twaona kwamba makubwa huzaliwa na madogo, na historia ya pwani hii pamoja na milima iliyo juu yake yatushuhudia.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na sehemu nyingine za ufuko huu, na Watutsi wengi wakauawa. Kisha serikali ya wakati ule ikalipiza kisasi nchi nzima, na Wahutu wakauawa kwa makumi ya maelfu. Wengi wa waliofanya hayo, upande huu na upande ule, walikuwa wamebatizwa. Ubatizo wao haukuuzuia mkono, kwa kuwa mkono haukuwa umezoezwa kutii ubatizo huo.

Sasa tupande milima kutoka ziwani hadi Buta, karibu na mji wa Bururi. Hapo ipo seminari ndogo. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 wapiganaji wa kundi la waasi waliivamia, wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu upande mmoja, Watutsi upande wa pili. Wanafunzi wakakataa. Wahutu waliokuwamo wangeweza kuokoa maisha yao kwa kupiga hatua chache tu, lakini hawakuzipiga. Vijana 40 waliuawa pamoja, na makaburi yao yapo hapo Buta.

Tusidhani kwamba ujasiri huo uliwashukia asubuhi ile ile. Tangu vita vilipoanza mwaka 1993, seminari hiyo chini ya mkuu wake, Padre Zacharie Bukuru, ilikuwa imejitahidi kuishi kinyume cha upepo uliokuwa ukivuma nje. Wanafunzi walizungumza waziwazi juu ya ukabila badala ya kuuficha. Walisali pamoja, wakacheza pamoja, wakala na kulala pamoja. Amri ya kujitenga ilipotolewa, iliwakuta watu ambao kwa muda mrefu walikuwa wamekwisha kuikataa mezani na uwanjani.

Ni hivyo hivyo kwa Buyengero, katika milima iliyo juu ya Rumonge. Huko ndiko walikouawa, tarehe 30 Septemba 1995, wamisionari wawili Waksaveri kutoka Italia, Padre Ottorino Maule na Padre Aldo Marchiol, pamoja na mama mlei Catina Gubert. Waliuawa katika makazi yao, mahali pale pale walipokuwa wakiwatumikia watu wa parokia kila siku. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki lilianza uchunguzi wa kuwatangaza wenye heri hao watatu pamoja na vijana wa Buta.

Huenda askari atauliza: je, mimi nina Buta yangu? Anayo. Wakimbizi wa mwaka 1972 waliokuwa Tanzania walirudi kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 2008 na 2009. Wengi wao walipofika Rumonge walikuta michikichi yao ikivunwa na watu wengine, na baadhi ya watu hao walikuwa wamezaliwa na kukulia katika mashamba hayo. Zipo familia zilizokubali kugawana shamba. Zipo nyingine zilizofikishana mbele ya tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006, na polisi wakaitwa kusimamia amri za kuhama. Amri halali hutekelezwa. Lakini yapo matusi ambayo amri haikuyaagiza, ipo rungu ambayo haikuitaja, na upo upendeleo wa kabila ambao haukuandikwa po pote. Askari akikataa hayo matatu, ameitenda imani yake hadharani.

Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Wavuvi wa Rumonge wajua kwamba aliyekwisha kukauka hakunjiki, huvunjika. Askari asiyechukua noti ya mchuuzi leo, asiyemwuliza mtu kabila lake kabla ya kumhudumia, asiyempiga mtu aliyekwisha kufungwa pingu, anaukunja moyo wake ungali mbichi. Siku ikija, Mungu aiepushe, ambapo sauti itamwamuru awatenge watu, hatahitaji muda wa kufikiri.

Ndugu askari, siku hiyo haina tarehe inayojulikana. Zamu ya kesho inajulikana saa yake na mahali pake. Basi tuanzie hapo.