Ubishi Kuhusu Namba 1: Mifumo ya Mawakala Wengi katika Kuiga Fikra za Kihisabati

Ichukuliwe mfano wa kubuni. Wanafunzi wawili wa Kawetele, mjini Tukuyu, wamepewa dai kwamba kila namba shufwa ni jumla ya namba tasa mbili. Wa kwanza anaandika 4 = 2 + 2, 6 = 3 + 3, 8 = 3 + 5, kisha anairudia 2 na kuandika 2 = 1 + 1. Mwenzake anakataa: 1 si namba tasa, hivyo dai limevunjika. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Wa kwanza ameshika maelezo ya darasani, kwamba namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tena neno lenyewe linamuunga mkono, kwani ipi iliyo tasa kuishinda 1? Wa pili anahesabu vigawo, naye anataka viwili, si pungufu. Daftarini, hata hivyo, 2 = 1 + 1 hutiwa alama ya kosa na mjadala huishia hapo.

Programu moja ya kuthibitisha haiwezi kuuiga ubishi huu, kwa kuwa hupewa fasili iliyokwisha kufungwa. Katika mfumo wa mawakala wengi, yaani programu kadhaa zinazojitegemea na kupelekeana ujumbe, kila wakala huweza kuwa na fasili na mifano yake. Alison Pease, katika tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Edinburgh (2007), aliiga hivyo mjadala wa darasani uliosawiriwa na mwanafalsafa Imre Lakatos: wakala mmoja mwalimu, wengine wanafunzi. Mfano pinzani ukiletwa, wakala huweza kuliacha dai, kulipunguza kwa kuitenga 2, au kuukataa mfano kwa kurekebisha fasili.

Njia hii ya mwisho ndiyo inayohusu Kawetele. Dai lenyewe limetokana na barua ya Christian Goldbach kwa Leonhard Euler ya mwaka 1742, na Goldbach aliihesabu 1 kuwa tasa. Kwa fasili hiyo mwanafunzi wa kwanza hana kosa. Wakala mwalimu akiruhusiwa kumsahihisha papo hapo, mfumo utatoa jibu linalokubalika leo na kupoteza kile ulichoundwa kukiiga.

Sababu ya kuitoa 1 haimo katika kujumlisha. Imo katika kuzidisha: 1 ikikubaliwa, 6 ni 2 × 3, ni 1 × 2 × 3, ni 1 × 1 × 2 × 3, na mchanganuo haubaki mmoja. Mawakala wanaojadili dai la jumla peke yake wataachana kila mmoja na fasili yake. Wakipewa pia kazi ya kuchanganua namba, ndipo wa pili anapopata hoja ambayo wa kwanza hana budi kuijibu.