SEMA NA MZEE UKIWA MBELE YAKE



Wako wazee wanaosahau sana. Unamwita bibi, anatazama upande mwingine. Unasema naye, anakujibu jambo jingine. Watu husema amerogwa, au ana kiburi. Si kweli. Huo ni ugonjwa wa ubongo.

Ugonjwa huu upo hapa nchini. Katika miaka ya 2009 na 2010 wataalamu waliwapima wazee 1,198 wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Wote walikuwa na umri wa miaka 70 au zaidi. Ilionekana kuwa wazee kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu.

Ubongo hufanya kazi gani?

Jicho hupeleka picha nyuma ya ubongo. Sikio hupeleka sauti pembeni mwa ubongo. Kisha ubongo huunganisha picha na sauti. Ndiyo maana penye kelele humsikia mtu vizuri zaidi ukimtazama midomo.

Kwa mgonjwa, chembechembe za ubongo hufa polepole. Picha inafika na sauti inafika, lakini kuziunganisha kunachelewa. Mzee akivuka barabara kuu hapa Kibiti anaweza kuliona basi na kusikia honi, lakini asijue kwamba honi ile inamwonya yeye. Ni hatari kubwa. Asivuke peke yake.

Tufanye nini?

1. Kaa mbele yake, penye mwanga, ndipo useme. Usimwite kutoka nyuma.
2. Zima redio. Aseme mtu mmoja tu.
3. Mwonyeshe kitu unachokitaja. Shika bakuli, sema, "Bibi, uji huu." Kisha ngoja ajibu.
4. Mpeleke zahanati apimwe macho na masikio. Huenda ana mtoto wa jicho, au nta imeziba sikio. Hayo yanatibika.
5. Akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, mpeleke zahanati upesi. Huenda ni malaria au ugonjwa mwingine.

Dawa ya kuponya ugonjwa huu wa kusahau bado haijapatikana. Lakini mzee akisemeshwa polepole na kwa heshima, hofu humpungua. Usimgombeze, wala usimfungie ndani. Wazee hawa ndio waliotulea. Sasa ni zamu yetu kuwatunza.