UGOMVI WA KIMYA HUUMIZA MWILI

Mama mmoja wa hapa Mwaya alikuja zahanati mara tatu katika mwezi mmoja. Alisema kichwa kinamwuma, moyo unakwenda mbio, na usiku hapati usingizi. Tulimpima malaria. Hakuwa nayo. Tulimpima shinikizo la damu. Lilikuwa sawa. Mara mbili alirudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Maumivu hayakuisha.

Mara ya tatu nilimwuliza, "Mama, nyumbani mnaishije?"

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe ni mdogo, lakini nitakuambia. Kakao imeuzwa. Baba watoto hakuniambia amepata kiasi gani. Nami sikumwuliza. Nampikia, namwekea maji ya kuoga, lakini hatuzungumzi."

Ndugu msomaji, huo ndio ugomvi wa kimya. Hauna kelele. Majirani hawausikii. Lakini mwili unausikia.

KWA NINI MWILI HUUMWA?

Ukienda ziwani kuchota maji ukamwona mamba, moyo hupiga haraka. Misuli hukaza. Pumzi huwa fupi. Mwili unajitayarisha kukimbia. Ukifika mahali salama, mwili hutulia.

Lakini hasira iliyo ndani ya nyumba haiondoki. Unalala nayo, unaamka nayo. Misuli ya shingo hukaza kila siku, na kichwa huuma. Tumbo hukataa chakula. Usingizi hukatika. Mtu huyu hadanganyi. Anaumwa kweli.

WAZEE WALIJUA

Mtafiti Monica Wilson aliishi Unyakyusa miaka ya 1930. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 alieleza mila za ndugu wanaokutana kwa tambiko. Wenye ugomvi walitakiwa kwanza kuyasema yaliyo moyoni. Ndugu wakificha hasira, tambiko halikuwa na faida.

Leo tunazijua sababu nyingi za magonjwa. Kwa hiyo tusimsingizie jirani uchawi. Lakini fundisho la wazee la kutoa neno moyoni bado ni jema.

JINSI YA KUZUNGUMZA

1. Chagua wakati. Usianze mwenzako akiwa na njaa au amelewa, wala mbele ya watoto na wageni.

2. Sema jambo moja. Kama ni fedha za kakao, sema fedha za kakao. Usifufue mambo ya mwaka juzi.

3. Eleza unavyoumia. Usiseme, "Wewe ni mwizi." Sema, "Baba watoto, tulivuna pamoja. Nisipojua tumepata nini, naumia."

4. Sikiliza mpaka mwisho. Usikatize. Kisha rudia ulichosikia, ili ajue umemwelewa.

5. Mkishindwa, mwiteni mtu mzima mnayemwamini, asiyetangaza siri za watu.

Kazi ya kusikiliza haihitaji elimu kubwa. Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi 14 kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi. Walikaa nao kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6, watu waliosikilizwa hivyo walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Yule mama alijaribu. Jioni moja, watoto walipolala, alimwuliza mumewe kwa upole. Mume aliinamisha kichwa. Alikuwa ameuza sehemu ya kakao kwa njemke, ingali shambani, kwa bei ndogo, ili alipe deni. Aliona aibu kusema. Kumbe wote wawili walikuwa hawalali! Deni halikuisha siku ile. Lakini sasa wanalijua wote, na wanapanga pamoja.

TAHADHARI

Usiseme kila maumivu ni mawazo. Njoo upimwe kwanza.

Kama mwenzako anakupiga au anakutisha, usibaki naye peke yenu kujadiliana. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, au polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Zahanati pia itakupokea.

Mtu akiwa na huzuni kwa wiki mbili au zaidi, hali, halali, au hataki kazi aliyoipenda, mlete zahanati. Akisema, "Afadhali nife," usimcheke wala usimgombeze. Mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za kuulia wadudu na kamba mahali anapoweza kufika. Mlete siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, leo jioni mtazame mwenzako. Kama kuna neno umelificha, litoe kwa upole. Kama yeye ndiye ameficha, mpe nafasi ya kusema.

MASWALI YA KUJADILI

1. Yule mama alikuwa na dalili gani?
2. Kwa nini mume wake hakusema?
3. Katika kijiji chenu, nani anaaminiwa kutunza siri za watu?