Prosesa mpya, gemu za zamani (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tulieleza kwamba kila ukoo wa prosesa una amri zake, na programu iliyoandikwa kwa ukoo mmoja haieleweki kwenye mwingine. Leo tuiangalie Sony, kwa sababu imejaribu karibu kila njia ya kuchezesha gemu za zamani kwenye prosesa mpya.

PlayStation 2 ilipotoka mwaka 2000, prosesa ya PlayStation ya kwanza haikutupwa. Ilipachikwa humohumo ndani, ikapewa kazi ya kibarua: kuhudumia pedi na kadi za kumbukumbu. Ukitia diski ya zamani, kibarua anakuwa bwana, anaendesha mchezo. Hata kasi yake ilishushwa, kutoka takriban megahezi 37 hadi 34, ili gemu iende mwendo wake uleule. Ujanja huo naustaajabia mpaka leo.

Mwaka 2006 PlayStation 3 za Japani na Marekani nazo zilibeba chipu za PS2, ila safari hii hazikuwa na kazi nyingine. Zilikuwa gharama tupu. Toleo la Ulaya la 2007 likaja bila prosesa ya PS2, programu ikiiga kazi yake. Kabla mwaka haujaisha, toleo la bei nafuu likaacha vyote, chipu na uigaji.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa Cell, prosesa ya PS3 yenyewe, iliyobuniwa pamoja na IBM na Toshiba. Viini vyake vidogo kila kimoja kilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 256 tu, na mtunzi wa gemu ndiye aliyepanga data ipi iingie na itoke lini. PS4 ya 2013 ilipohamia prosesa ya AMD ya ukoo wa x86, diski za PS3 hazikuchezeka humo.

Ndiyo maana PS5 ya 2020 ilibaki AMD. Chipu yake ya picha ina vitengo 36 vya kukokotoa, idadi ileile ya PS4 Pro. Mbunifu wake, Mark Cerny, alieleza kwamba kasi kubwa mno nayo huvuruga baadhi ya gemu za zamani, hivyo ilibidi zijaribiwe mojamoja.

Kwa maoni yangu, Sony haitahama AMD hivi karibuni hata ikipata chipu nzuri kwingine; gemu ambazo wateja wamekwisha kulipia zimeifunga. Microsoft nayo, Juni 2025, ilitangaza kuendelea na AMD, ikiahidi gemu zilizopo zitachezeka.

Juma lijalo: Nintendo na Switch 2, ambako prosesa ilibaki ARM lakini chipu mpya ya picha ikahitaji mkalimani.