Kulala Ndani au Nje ya Disney

Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, Julai 1955, Walt Disney hakuwa amebakiwa na fedha za kujenga hoteli. Aliyeijenga ni Jack Wrather, tajiri wa mafuta na televisheni, na kwa zaidi ya miaka 30 hoteli iliyobeba jina la Disneyland haikuwa mali ya Disney. Kampuni iliipata mwaka 1988. Huku nyuma moteli za watu wengine zikaota pande zote, zikivuna wageni walioitwa na Walt. Hakukubali kuumwa mara mbili. Florida, miaka ya 1960, alinunua ardhi kimyakimya kwa majina ya kampuni zisizojulikana mpaka zikatimia ekari zaidi ya 27,000, na Walt Disney World ilipofungua milango Oktoba 1971, hoteli za Contemporary na Polynesian zilikuwa tayari ndani.

Naanza huko kwa sababu huko ndiko bei ilikozaliwa. Kitanda cha ndani kiliwekwa pale ili hela yako ya malazi isitoke nje ya uzio, na kila upendeleo anaopewa mgeni wa ndani umeshapigiwa hesabu kwenye bei ya chumba. Familia zikiniuliza walale ndani au nje, nami huwauliza: asubuhi mnaamka saa ngapi? (Najua “kulala nje” kwetu kumevunja ndoa za watu. Hapa nasema nje ya ardhi ya Disney tu.)

Swali la kuamka si mzaha. Bustani ikifunguliwa saa tatu asubuhi, mgeni wa hoteli za Disney anaingia saa mbili na nusu. Nusu saa hiyo ina thamani zaidi kuliko saa mbili za mchana: kivutio ambacho saa sita kitakuweka kwenye foleni saa nzima, asubuhi hiyo unakipanda, unashuka, na pengine unawahi cha pili kabla umati haujaruhusiwa. Halafu kuna Lightning Lane, njia ya kulipia ili kukwepa foleni. Wa ndani anaweza kuchagua saa zake siku 7 kabla ya kufika. Wa nje anasubiri hadi siku 3 kabla, akute saa nzuri za vivutio vikubwa zimekwisha. Lakini kama watoto wenu huamka saa tatu na chai inaisha saa nne, nusu saa hiyo mmeilipia mkaiacha kwenye mto.

Tofauti inauma zaidi kwenye bustani ya Magic Kingdom. Mwenye gari aliyelala nje hulipa maegesho kila siku, na bado hajafika: maegesho yako ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo anapanda treni ya reli moja au kivuko. Asubuhi hilo ni raha. Usiku baada ya fataki, baba anakunja kigari cha mtoto kwa mkono mmoja, mtoto amemlalia begani, mama ana mifuko, na mbele yao kuna maelfu ya watu wanaotaka kivuko kilekile. Mabasi ya hoteli za Disney hupakia na kushusha karibu na geti, na wa Contemporary anatembea tu, dakika kumi hivi.

Ila “ndani” si lazima iwe “karibu”. Mswahili huvutiwa na hoteli ya Animal Kingdom Lodge, na simlaumu: majengo yanaitwa Jambo House na Kidani Village, migahawa inaitwa Boma, Jiko na Sanaa, na kwenye baadhi ya vyumba unafungua pazia asubuhi ukakuta twiga anakula. Hata hivyo iko pembeni, haina treni wala kivuko, ni basi tu. Aliyelala Bonnet Creek, kipande cha ardhi kisicho cha Disney lakini kilichozungukwa nayo, yuko karibu zaidi na bustani ya Epcot kuliko aliyelala Animal Kingdom Lodge.

Nje kwenyewe maana yake hasa ni mji wa Kissimmee na barabara ya 192, na faida yake ni nyumba nzima. Vyumba vingi vya kawaida ndani ya Disney hupokea watu wanne. Sisi tunasafiri na bibi, shangazi na binamu wawili, hivyo hesabu ya ndani ni vyumba viwili au vitatu, ilhali Kissimmee ni nyumba ya vyumba vinne yenye mashine ya kufulia na jiko la kupikia wali. Kabla ya kushangilia, jumlisha kodi ya asilimia 13.5, ada ya usafi, gari la kukodi na maegesho ya kila siku. Hoteli za Disney hazina ada ya ziada ya kila siku, na maegesho ni bure kwa mgeni wake, hotelini na kwenye bustani. Ila usimsikilize ndugu aliyekwenda zamani akakwambia kuna basi la bure kutoka uwanja wa ndege. Lilikoma mwanzoni mwa 2022.

Na mabasi ya bure ya hoteli za nje yaulizieni ratiba. Mimi niliwahi kuamini tangazo la hoteli moja: basi lilikuwa moja asubuhi, lilizunguka hoteli nyingine tatu, na la kurudi liliondoka kabla ya fataki. Tulirudi kwa teksi.

Kwa bustani za Universal, mwendo mfupi kaskazini, hesabu inageuka kabisa. Hoteli zake za Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific humpa kila mgeni wa chumba pasi ya kukwepa foleni kwenye vivutio vingi vya bustani mbili za awali, pasi ambayo ukiinunua huweza kuzidi dola 100 kwa mtu kwa siku. Inatumika siku ya kuingia na siku ya kutoka. Lipia usiku mmoja, fika mapokezi asubuhi na mapema hata kama chumba hakijawa tayari, chukua pasi zako, na umepata siku mbili. Bustani ya Epic Universe, iliyofunguliwa Mei 2025, haimo kwenye pasi hiyo. Usiku unaofuata rudini Kissimmee kwenye sufuria yenu.