Jiwe la Mchanga: Lipime Kabla ya Kujenga

Ukisimama hapa Ipogolo ukaitazama milima inayozunguka mji wa Iringa, utaona majabali makubwa ya matale. Labda ndiyo sababu wengi wetu hudhani kwamba kila jiwe ni gumu. Jirani yangu mmoja alikuwa karibu kuweka katika msingi wa nyumba yake mawe mekundu aliyoletewa kwa lori. Tuliloweka moja ndani ya ndoo usiku kucha. Asubuhi tukakuta limemeguka, na chini ya ndoo umejaa mchanga.

Hilo ndilo jiwe la mchanga. Maji hubeba mchanga na kuutua ziwani au mtoni, tabaka juu ya tabaka. Tabaka za juu huzikandamiza za chini, na madini yaliyomo majini hushikamanisha punje kama saruji. Basi nguvu ya jiwe hili imo katika gundi yake. Gundi ya silika hulifanya kuwa gumu sana; ya udongo wa mfinyanzi hulegea likilowa; ya chokaa hutoa povu likidondoshewa siki; na kutu ya chuma hulipa rangi nyekundu.

Kulitambua si kazi ngumu. Tazama kama lina mistari ya tabaka. Lipapase: huparuza kama msasa. Likwaruze kwa msumari: lililo dhaifu hudondosha punje. Matale hayafanyi hivyo, kwa maana punje zake zimeumana na humetameta. Mwisho, liloweke kama tulivyofanya sisi.

Atakaye kuona kazi ya maji na ashike barabara ya Mbeya hadi Isimila, yapata kilometa 20 kutoka Iringa. Hapo zamani palikuwa na ziwa dogo. Mvua na vijito vimechonga tabaka zake za mchanga na udongo zikawa nguzo ndefu kupita nyumba. Mwaka 1951 zana za mawe za watu wa kale zilitambuliwa hapo, na mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell na wenzake walichimba. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 260,000 hivi. Nazo zilichongwa kwa mawe magumu, matale miongoni mwake, wala si kwa jiwe lile laini.

Jirani yangu alinunua matale. Yale mekundu yamezungushia bustani ya maua. Ikiwa watu wa kale walichagua jiwe la shoka, je, sisi tusichague jiwe la nyumba?