Veronika, mama aliyenyimwa ushahidi

Kila Kwaresima wengi wetu tunafuata Njia ya Msalaba. Kwenye kituo cha 6 tunamkuta Veronika, mama aliyempangusa Yesu uso kwa kitambaa. Binti mmoja wa kikundi chetu hapa Kasenga alituuliza: “Habari hii iko katika sura gani ya Biblia?” Tulifungua Injili zote nne. Haimo.

Jina la Veronika linatoka katika vitabu vya zamani ambavyo Kanisa halikuvitia katika Biblia. Kimoja kinaitwa Injili ya Nikodemo, au Matendo ya Pilato. Humo Veronika hana kitambaa. Yeye ni yule mama aliyetokwa damu miaka 12, ambaye Marko anamsimulia katika sura ya 5 bila kumtaja jina. Kwa Kigiriki anaitwa Berenike, kwa Kilatini Veronika.

Kitabu hicho kinasimulia kwamba Yesu alipokuwa mbele ya Pilato, watu aliowaponya walikuja kumtetea. Wanaume walisema yao. Kisha mama huyu akapaza sauti kutoka mbali, akasema kwamba aligusa pindo la vazi lake na damu ikakoma. Wakamjibu kwamba sheria haikubali ushahidi wa mwanamke. Neno lake likaishia hapo.

Askofu Eusebio, aliyeandika historia ya Kanisa katika karne ya 4, anasema watu wa mji wa Panea, karibu na chemchemi za Yordani, walionyesha nyumba ya mama huyo. Mbele ya mlango palikuwa na sanamu ya shaba ya mwanamke aliyepiga magoti na kunyoosha mikono. Kitambaa kilikuja nyuma sana, katika masimulizi ya Ulaya.

Hadithi hizi hatuziweki sawa na Biblia. Lakini aliyeandika ile ya mahakama alijua jambo ambalo wamama wanalijua: mtu anaweza kuwa na ukweli mwilini mwake, na bado akaambiwa anyamaze. Kwa Marko mambo ni tofauti. Mama alitaka kupona kwa siri na kuondoka. Yesu akasimama, akamtafuta, akamsikiliza mbele ya kundi zima, kisha akamwita binti.

Kwetu Kongo pia kulikuwa na mlango uliofungwa. Kitabu cha sheria za jamaa cha 1987 kilimtaka mwanamke aliyeolewa, kwa kawaida, apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kupeleka mashtaka ya madai mahakamani. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo.

Mlango wa mahakama umefunguliwa. Na wa nyumba zetu je? Mama akituambia kwamba damu yake haikomi, tunamsindikiza kwa daktari, ama tunamwambia avumilie, ni mambo ya wanawake? Msichana akitueleza alilotendewa, tunamsikiliza mpaka mwisho, ama tunamuuliza kwanza nani mwingine aliona?

Tukikutana juma hili, tusome pamoja Marko 5, mstari wa 25 mpaka 34. Kisha tumwachie nafasi ya kusema yule ambaye kwa kawaida hukaa nyuma.